Mtoto Ameanguka: Usianze na Fimbo

Somo: 2 Samweli 4:4

Leo tunaongea juu ya jambo dogo linalopita kila siku katika nyumba zetu. Mtoto anaanguka, anajigonga, analia, anatoka nundu kwenye kipaji. Mama alikuwa sokoni, baba kazini, na mtoto aliachwa na dada yake wa miaka 8. Mama akirudi na kuona ile nundu, neno la kwanza si "pole". Ni fimbo kwa yule dada.

Somo letu linatuonyesha mtoto aliyeanguka. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka 5 siku habari ya kifo cha Sauli na Yonathani ilipofika kutoka Yezreeli. Mlezi wake alimbeba akakimbia. Katika ile haraka mtoto akaanguka, akawa kilema wa miguu yote miwili. Angalia vizuri, ndugu yangu: Maandiko yanasimulia haraka ya yule mama, lakini hayamhukumu. Mtoto alianguka mikononi mwa mtu aliyekuwa anataka kumwokoa.

Kwa nini watoto wanaanguka sana?

Watoto wengi wanaanza kutembea karibu na mwaka 1. Wengine wanafika miezi 18. Kichwa chao ni kikubwa kuliko tunavyofikiri. Kwa mtoto mchanga, kichwa ni kama robo ya urefu wa mwili. Kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane tu. Ndiyo maana mtoto akijikwaa, kichwa kinatangulia. Na huku kwetu Bukavu tunajenga kwenye milima: ukitoka mlangoni tu, unakutana na ngazi, mawe na mfereji.

Kuhusu nundu, ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, na chini yake kuna mfupa. Damu ikivuja pale inasukuma ngozi kwa nje. Kwa hiyo nundu kubwa inaweza kuwa jambo dogo, na hatari inaweza kuwa pale ambapo hakuna nundu. Alama kwenye kipaji, magoti na ugoko ni alama za mtoto anayejifunza. Hajalogwa, na bibi wa jirani hana kosa. Lakini kama mtoto aliyekuwa anatembea vizuri ameanza kuangukaanguka bila sababu, mpeleke kwa muganga.

Ufanye nini?

Kwanza mchukue, mtulize, mwangalie mwili wote. Weka kitambaa chenye maji baridi juu ya nundu kwa dakika 10 hivi. Usiikande kwa maji ya moto, wala usiisugue. Kama kuna kidonda kinachotoa damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunguafungua, kisha osha kwa maji safi na sabuni. Usitie majivu, makala, mavi ya ng'ombe wala dawa ya meno. Usimpe aspirini.

Wengi wanasema mtoto aliyegonga kichwa asilale kabisa. Kama amelia, amenyamaza na anacheza kama kawaida, anaweza kulala saa yake ikifika. Wewe mwamshe mara moja au mbili usiku, uone kama anakutambua. Endelea kumwangalia kwa siku 2.

Lakini usingoje asubuhi ukiona moja ya mambo haya: alizimia, hata kwa muda mfupi, anatapika tena na tena, ametetemeka kwa degedege, ni vigumu kumwamsha, damu au maji yanatoka sikioni au puani, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, analia bila kutulizika, hataki kukanyaga au kutumia mkono mmoja. Vilevile kama ameanguka kutoka mahali parefu kuliko kimo chake, au kama bado hajafika mwaka 1. Huyo mpeleke hopitali upesi.

Mpendwa, omba. Lakini omba ukiwa njiani. Damu ikivuja ndani ya kichwa, kila saa ina bei yake. Kumbeba mtoto kwenda kwa muganga si kukosa imani. Mchungaji anaweza kuomba naye hata pale kwenye kitanda cha hopitali.

Turudi kwa yule dada

Sasa fikiri juu ya yule msichana wa miaka 8. Amepigwa leo kwa sababu mtoto ameanguka. Kesho mtoto akianguka tena kwenye ngazi, atafanya nini? Atamfuta machozi, atamlaza, atasema hakuna kitu. Mama atarudi jioni, atakuta mtoto amelala, atashukuru Mungu kwamba nyumba imetulia. Na yule mtoto labda hajalala, amezimia. Fimbo ya jana imefunga mdomo wa shahidi pekee. Muganga atauliza: alianguka wapi, saa ngapi, alitapika? Hakuna atakayejibu.

Kwa hiyo mwambie mapema: "Mwanangu, akianguka, uniambie. Sitakupiga." Kisha utimize neno lako. Pia usimpe mzigo usiolingana na nguvu zake. Mtoto wa miaka 8 kumbeba mwingine mgongoni akishuka ngazi zenye utelezi, kosa si lake. Sisi wazazi tuzibe mlango wa ngazi kwa ubao, tuweke mbabula na sufuria ya moto mbali, tufunike ndoo za maji na mashimo.

Neno moja la mwisho, nalo ni zito. Alama kwenye masikio, shingo, mgongo, tumbo au matako hazitokani mara nyingi na kuanguka. Mtoto ambaye bado hata hatambai, alama zake zinahitaji maelezo. Pengine ni mkono wa mtu mzima. Ukiona hivyo, hata kama ni nyumba ya mtumishi, usinyamaze. Mtoto aonwe na muganga, na awekwe mahali salama.

Miaka ilipita, Daudi akamtafuta Mefiboshethi, akamketisha kwenye meza ya mfalme na miguu yake ileile. Leo jioni, mtoto wako akija na nundu, muweke mezani. Na dada yake akae karibu naye, asimulie yote bila woga.

Mungu abariki nyumba zenu.