Watoto wanavijua vita vya Ertuğrul, nani atawasimulia vya Unyanyembe?

MIONGONI mwa mambo yanayowashughulisha wazazi wa Kiislamu siku hizi ni filamu na tamthilia za vita vya zama za kati: panga, farasi, ngome zinazochomwa moto na vichwa vinavyokatwa. Zamani kijana aliyetaka kuziona alikwenda kwenye kibanda cha video, akalipa kiingilio, akamsikiliza msimulizi akiifasiri filamu kwa Kiswahili. Leo zimo ndani ya simu, na tamthilia za Kituruki zimeingia sebuleni zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili.

Iliyopata umaarufu mkubwa miongoni mwa Waislamu ni Diriliş: Ertuğrul, iliyoanza kuonyeshwa nchini Uturuki Desemba 2014 na kumalizika mwaka 2019 baada ya misimu mitano. Mwaka 2020 ilirushwa na televisheni ya taifa ya Pakistan, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Imran Khan, aliwahimiza wananchi waitazame. Mwaka huohuo Dar al-Ifta ya Misri ilizikosoa tamthilia za aina hiyo, ikiziona kuwa chombo cha siasa za Uturuki. Basi hata wakubwa wa Umma hawakuafikiana.

Makala haya hayakusudii kuharamisha wala kuhalalisha. Fatwa ina wenyewe. Tunalotaka kulisema ni kwamba filamu hizi humwonyesha mtoto upanga unapopiga, kisha humwondoa pale kabla hajaona gharama yake. Sisi tunaoishi Tabora, katika njia kuu ya misafara ya zamani, hatuna udhuru wa kutoijua gharama hiyo.

Kipi ni historia, kipi ni hadithi

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kumweleza mwanawe ni kuwa sehemu kubwa ya anachokiona ni kazi ya mtunzi. Kuhusu Ertuğrul mwenyewe, aliyeishi karne ya 13, yanayojulikana kwa uhakika ni machache mno. Ushahidi madhubuti ni sarafu ya mwanawe, Osman, inayomtaja Ertuğrul kuwa baba yake. Masimulizi mengi yaliyoandikwa juu yake yalikuja zama za baadaye. Misimu mitano ya mapigano imejengwa juu ya msingi mwembamba kama huo.

Mfano wa pili ni filamu ya Kingdom of Heaven ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Ridley Scott. Ndani yake Sultani Salahuddin Ayyubi anaitwaa Jerusalem na kuwaruhusu wakazi wake wote waondoke kwa amani. Waislamu wengi waliifurahia taswira hiyo, na kwa kiasi kikubwa ina ukweli. Mwaka 1187 Salahuddin hakulipiza mauaji ya kutisha yaliyofanywa na Wapiganaji wa Msalaba walipouteka mji huo mwaka 1099.

Hata hivyo, historia ina jambo ambalo filamu imeliacha. Kuondoka kulikuwa kwa fidia: dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Sultani na nduguye al-Adil waliwaachia huru maskini wengi bila malipo, lakini maelfu waliosalia bila fidia walichukuliwa utumwani. Hata filamu inapotupendelea, mwenye kutafuta haki hana budi kuuliza ni nani aliyeachwa nje ya picha.

Vita vya nyumbani

Swali hilo ndilo linaloturudisha kwetu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji haikuwa ya zama za kati. Shughuli zake zilishamiri katika karne ya 19. Lakini yaliyotendeka humo hayana upungufu wa yale ambayo vijana wetu huyatafuta katika filamu.

Chukua mwaka 1871. Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe wakaamua kumpiga vita. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alijiunga nao. Mwezi Agosti walikiteka kijiji cha Mirambo na kupora pembe za ndovu na watu. Walipokuwa wakirudi na mzigo wa nyara, Mirambo aliwavizia njiani na kuwaua wengi. Siku chache baadaye aliishambulia Tabora yenyewe, na sehemu ya mji ikateketea.

Mtunzi wa filamu angepata hapo shujaa, adui na moto. Lakini wale watu waliohesabiwa pamoja na pembe ni nani angewapa jina? Na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo mabegani mamia ya maili? Wengine waliipita njia hii kwa ujira na kwa fahari ya kazi yao. Wengine waliipita wakiwa wamefungwa.

Miaka 22 baadaye, Januari 1893, Wajerumani walilivunja boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, naye akalipua baruti ndani yake kuliko kukubali kutekwa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Hayo si mambo ya karne ya 13. Wapo wazee ambao babu zao waliyaona kwa macho.

Na hapa ndipo penye uzito. Katika miji yetu, safu moja ya swala yaweza kuwa na kitukuu cha mfanyabiashara, cha mpagazi, cha askari wa Mirambo na cha mtumwa aliyeletwa kutoka Manyema. Baadhi ya waliowamiliki watu walikuwa Waislamu, na waliomilikiwa wengi walisilimu. Kijana aliyezoea kuona Muislamu kuwa mwenye upanga tu, tena mwenye haki siku zote, hataelewa kwa nini neno moja la kumtukana mwenzake kwa asili yake linaweza kuumiza nyumba nzima.

Adabu inayokosekana

Khalifa Abu Bakr, Mungu awe radhi naye, alipolituma jeshi Sham, alimuusia kiongozi wake asiue mwanamke, mtoto wala mzee, asikate mti wenye matunda, wala asibomoe makazi. Wosia huo umo katika Muwatta ya Imam Malik. Ni filamu ngapi za panga zinazoonyesha mpiganaji akiuzuia mkono wake? Kujizuia hakuuzi tiketi, ilhali ndiko kunakomtofautisha mpiganaji na muuaji.

Wazazi wafanye nini?

Kwanza, tuzingatie umri. Bodi ya Filamu huzipanga filamu kwa madaraja, lakini daraja halina nguvu dhidi ya simu aliyoachiwa mtoto wa miaka 7. Kazi hiyo ni ya nyumbani.

Pili, kwa vijana wakubwa, tutazame pamoja nao, kisha tuwaulize: Nani aliyekufa ambaye hakutajwa jina? Nani alifaidika? Lipi kati ya haya lilitokea kweli?

Tatu, tuwape historia yao. Tuwapeleke Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Tuwasomee maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora. Aliyasimulia kwa Kiswahili kwa maneno yake mwenyewe. Wayasome kwa jicho lilelile la kuuliza, kwani naye alisimulia kama mshindi. Na maadamu wazee wetu wangali hai, tuwaketishe na wajukuu, tuwaombe waseme walichokisikia kwa babu zao, kiwe cha fahari au cha majonzi.