Mwalimu mpya wa mtoto wako anaongozwa na nani?

Kila mwaka Septemba ikifika, kabla vumbi ya siku za kwanza haijatulia, kuna neno linaanza kuzunguka kwenye milango ya shule zetu, Katuba, Kenya, Ruashi, kila mahali: "Ule mwalimu mupya hayue kufundisha." Linasemwa chini kwa chini, mtoto ameshikwa mkono, na kabla ya saa sita limekwisha kufika sokoni. Mimi ni mwalimu na ni mama, kwa hiyo nimelisikia kwa pande zote mbili za mlango. Wiki hii ninataka tuligeuze kidogo. Badala ya kuuliza kama anajua, tuulize: yeye mwenyewe, nani anamfundisha kazi?

Wengi wanafikiri diploma inatosha. Mwalimu wa shule ya msingi kwetu hapa mara nyingi ametoka humanite za pedagojia, akafanya mtihani wa taifa, akapata ile tunayoita D6. Wa sekondari anatoka chuo kikuu au ISP, taasisi ya juu ya ualimu, kama mimi. Njia zote mbili zina staji. Mwanafunzi anaingia katika darasa la mtu mwingine, anafundisha somo lake, wenzake wamekaa nyuma wanaandika kila alipokosea, na jioni wanamsomea yote. Ni kazi nzuri, inatoa aibu na woga wa ubao. Lakini lile darasa la staji lilikwisha kutulizwa na mwenyewe. Watoto wamekwisha kujua nani anakaa wapi, nani anagawa vitabu, na kelele inakoma kwa alama gani. Staji haikuonyeshi mtoto anayesinzia saa nne kwa sababu jana usiku bukari haikutosha. Haikuonyeshi mama aliyesimama mlangoni na hasira.

Halafu kuna hesabu ya watoto. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini ni Septemba 2019 ndipo jambo hilo lilianza kutekelezwa. Watoto waliokuwa wanauza maji barabarani wakaingia darasani, na sitaki kusikia mtu akilalamika kwa hilo. Ila benchi hazikuongezeka kwa mwendo ule wa watoto. Na mwaka wa kwanza, darasa ambalo mtoto anashika kalamu mara ya kwanza, nimeona mara nyingi linapewa yule aliyefika jana, kwa sababu wa zamani wanalikimbia. Mimi ningefanya kinyume: darasa hilo ningempa mwenye mkono mzoefu kuliko wote shuleni.

Sasa tuongee juu ya kibali cha kufundisha. Ng'ambo ya Kasumbalesa, Zambia ina Baraza la Ualimu lililoundwa na sheria ya 2013. Mwalimu lazima aandikishwe pale na awe na cheti cha kufanyia kazi, iwe shule ya serikali au ya mtu binafsi. Kule Kenya (nchi, siyo komine yetu) kuna Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, nayo inaandikisha walimu na inaweza kumfuta katika orodha yule anayewadhuru watoto. Tanzania ilipitisha sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu mwaka 2018.

Sisi, diploma ndiyo kibali. Baada ya hapo kinachotafutwa ni namba, matrikule, ile inayokuingiza katika orodha ya mishahara ya serikali. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya SECOPE, leo inaitwa DINACOPE. Namba ile haisemi kama unajua kufundisha kusoma. Inasema tu kwamba serikali inakutambua na itakulipa. Asiyelipwa bado anaitwa N.U., yaani mwalimu mpya asiyeingia katika malipo, na kungoja kwake kunaweza kuchukua miaka.

Wamama, hapa ndipo ninapoomba tutulie. Kabla ya 2019, N.U. wa shule ya msingi alikuwa anaishi kwa fedha ya wazazi. Fedha ile ilipokatazwa, wenye namba walibaki na mshahara, yeye alibaki na chaki. Hawezi kuingia hata kwenye likelemba ya walimu wenzake, kwa sababu mwezi wake hauna mwisho. Basi saa saba anakwenda kuuza vocha za simu, au kufundisha watoto wa watu nyumba kwa nyumba. Usiku, wakati wa kuandika fishi za masomo ya kesho, amekwisha kuchoka. Ukimwona Jumatano hakuja, usiharakishe kusema ni mvivu.

Na asidanganyike mtu kwamba jina jipya linatosha kuponya jambo hili. Kenya ilianzisha mwaka 2019 mpango wa walimu wanagenzi: mwaka mmoja wa kujifunza kazi, na posho badala ya mshahara. Kwenye karatasi ni uongozi kwa mwalimu mpya. Darasani walikuwa wanafanya kazi yote ya mwalimu kamili. Aprili 2024 mahakama ya kazi kule Nairobi ilisema si halali kumchukua mwalimu aliyekwisha kuandikishwa na kumweka kama mwanagenzi. Mimi ninaona walisema kweli. Anayejifunza kazi anatakiwa awe na mtu pembeni yake. Kama yuko peke yake na watoto 60, huyo ni mwalimu, alipwe.

Mtu huyo wa pembeni, shule zetu zinaye, ingawa haitwi kwa jina kubwa. Kuna direkta, ambaye kazi yake si kupokea barua tu, anatakiwa kuingia darasani, kukaa nyuma, kutazama somo zima na kuandika alichoona. Kuna inspekta anayetembelea shule, lakini ana shule nyingi na barabara mbaya. Na kuna mikutano ya walimu wa shule moja, wale wa madarasa yanayofanana, inayoitwa selile ya msingi. Mmoja anafundisha somo mbele ya wenzake, halafu wanazungumza. Inapofanyika kweli, ni bora kuliko semina ya siku tatu ya hoteli. Inapofanyika kwenye daftari tu, kila mtu anatia sahihi na kwenda nyumbani.

Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja mwenye miaka mingi ubaoni alinichukua bila kutumwa na mtu. Kila Ijumaa baada ya masomo alikuwa ananiuliza neno moja: "Ni watoto gani hawakusema kitu wiki hii?" Sikuwa na jibu bila kupitia majina yote. Alinionyesha kufunga vijiti kumi-kumi na mpira wa baskeli ili makumi yaonekane kwa macho, na kukusanya vifuniko vya chupa za Simba kwa hesabu ya kutoa. Alinifundisha pia kuanza na Kiswahili chetu. Mtoto akisema "muzuri", usimkatize kumwambia ni "mzuri", mwache amalize wazo lake, kisha umwandikie ubaoni. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa na za mahali kufundishia, lakini mwalimu aliyesoma kila kitu kwa Kifaransa hajui aanzie wapi, na sisi wazazi tunamwongezea mzigo tunapotaka mtoto aongee Kifaransa kabla ya Krismasi.

Katanga haikuanza leo kujaribu jambo hili. Katika miaka ya 2010, kabla mkoa haujagawanywa mwaka 2015, mpango wa IFADEM wa nchi zinazotumia Kifaransa ulifanya kazi hapa kwetu. Mwalimu hakuondolewa darasani. Alipewa vijitabu vya kujisomea, akawa na siku za kukutana na wenzake, na alikuwa na mwongozaji wa kumfuata. Kilichonipendeza ni hicho cha mwisho. Kijitabu unaweza kukifunika. Mtu anayekuja kukuuliza umefika wapi ni vigumu kumfunika.

Je, sisi tunaweza nini? Tunakaa katika COPA, komite ya wazazi, na wengine wetu wako katika COGES inayosimamia shule. Mara nyingi mikutano hiyo inamalizika kwenye choo na sare. Siku moja tuweke jambo hili mbele: mwalimu mpya wa mwaka huu amepewa mwenzake yupi wa zamani? Direkta ameingia darasani kwake mara ngapi tangu Septemba? Ni N.U., na kama ndiyo, faili yake imefika wapi? Swali la mwisho linamsaidia sana, kwa sababu faili inayoulizwa na wazazi haisahauliki kirahisi chini ya nyingine. Na yule mwalimu wa zamani apewe nafasi pia. Saa moja tu kwa wiki bila darasa, ili aketi nyuma ya chumba cha mwenzake, ni kitu direkta anaweza kupanga bila kungoja Kinshasa.

Kama unataka kusema na mwalimu mwenyewe, usimshike asubuhi watoto wanapoingia. Shule zenye zamu mbili zina nafasi ndogo hivi karibu na saa sita, wa asubuhi wametoka na wa mchana hawajapanga mstari. Njoo na daftari ya mtoto, ifungue kwenye ukurasa unaokusumbua, muulize mtoto alikwama wapi. Kama ana mama mzee wa chumba cha pili anayemsaidia, kuna siku utawakuta wote wawili wameinamia daftari zile zile.