KWA NINI MJUSI HUAMBUA NGOZI

Msimu uliopita wanachama wawili walituletea vipande vyeupe, vyembamba kama karatasi ya sigara, walivyoviokota jamvini katika karafuu zilizoanikwa. Mmoja wao alidhani ni sumu, akataka kumwaga jamvi zima. Si sumu. Ni ngozi ya mjusi, na kwa karafuu ni taka tu kama makonyo. Iokotwe kwa mkono kabla ya kutia guniani.

Ngozi ya juu ya mjusi ni kavu, ya jinsi moja na kucha zetu, nayo haikui pamoja na mwili. Kwa hiyo chini yake huota ngozi mpya, na baina ya hizo mbili huingia majimaji ya kuzitenganisha. Siku hizo mjusi hupauka, ukamdhani mgonjwa. Kisha ile ya zamani hupasuka. Nyoka huivua nzima kama soksi. Mijusi wengi huiambua vipande vipande, wakijisugua katika magome na kuivuta kwa mdomo. Mjusi kafiri wa nyumbani huila, ndiyo maana hatuioni mara nyingi. Mtoto anayekua huambua mara nyingi zaidi, lakini hata mzee haachi, kwani ngozi huchakaa kama kanzu.

Lililotustaajabisha sisi ni vidole vya huyu atembeaye darini kichwa chini. Chini ya vidole mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho; jamaa yake mmoja mkubwa wa Asia ana kama nusu milioni katika kila mguu. Hivyo ndivyo vimshikavyo ukutani. Navyo huchakaa, lakini kila aambuapo ngozi hupata vipya. Pakiwa pakavu mno, kipande huweza kubaki kidoleni kama uzi uliokazwa, damu isipite, kidole kikafa.

Kinyonga naye huambua, ngozi ikamning'inia kama matambara meupe. Tumeona vijana wachumaji wakimwua mkarafuuni kwa kudhani ana ukoma. Hana ukoma, wala hana sumu. Tunawaomba wenye mashamba wawaambie wachumaji wao wamwache, yeye na yule mjusi wa kijani ambaye asili yake ni Pemba yetu peke yake. Wote wawili chakula chao ni wadudu, na ngozi ikishatoka rangi yao hurudi ile ile.