Mshindani wa gereji ni bodaboda

Mwenye gereji anayelalamika kwamba vijana hawataki ufundi aende kijiwe cha bodaboda akaulize mkataba wa pikipiki unavyokwenda. Kijana anakabidhiwa chombo, anapeleka hesabu kwa bosi, na muda waliokubaliana ukiisha pikipiki inakuwa yake. Kazi yenyewe ni ya jua, mvua na ajali, lakini mwisho wake anaujua tangu siku ya kwanza.

Gereji nyingi hazimwambii hata hilo. Spanaboi anaweza kuosha vipuri na kutumwa chai mwaka mzima bila kufundishwa kufungua injini, na hela anayopata inategemea fundi mkuu kaamkaje. Nyumbani mzazi anatoa nauli kila asubuhi, na hajui atatoa hadi lini. Sioni uvivu wa kijana hapo.

Dawa yake ni karatasi moja, iliyosainiwa mbele ya mzazi. Iandikwe ataanza na oili na breki, lini atahamia springi na shokapu, lini injini, lini umeme wa gari. Nauli na chakula vitolewe tangu wiki ya kwanza, na posho ipande kila anapovuka hatua. Tarehe ya kumaliza iwekwe.

Kisha cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Mpe mwanagenzi wako ruhusa ya kwenda kupimwa, na gharama ulipe wewe. Waajiri wengi huogopa kwamba akishakipata ataondoka. Wengine wataondoka kweli, kama wanavyoondoka sasa bila cheti. Atakayefungua gereji yake mtaa wa pili ndiye atakayekuletea giaboksi iliyomshinda.

Kampuni kubwa hazina kisingizio. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara, na sehemu yake huenda VETA. Ukishalipa, nenda chuo cha mkoa wako ukachukue wanafunzi wanaotafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Ukitaka na wasichana, jenga kwanza choo chenye komeo na chumba cha kubadilishia nguo.

Tangazo libandike Desemba. Kidato cha nne wamemaliza mtihani, wako nyumbani, na wenye pikipiki wameshaanza kuwatafuta.