Chakula Kinasapo Kandoni mwa Kofia ya Jino

Jino lililooza sana au kuvunjika huweza kuokolewa kwa kuchongwa na kuvikwa kofia ya madini au ya kauri. Mgonjwa aliyekwisha kuvikwa kofia hiyo hudhani kwamba taabu yake imekoma. Lakini ikiwa nyuzi za nyama au za embe hunasa mahali pale pale kila alapo, hana budi kujua kwamba hiyo ni dalili ya kasoro.

Kwa kawaida, meno mawili yaliyo jirani hugusana ubavuni. Mgusano huo huukinga ufizi ulio chini yake kama paa likingavyo nyumba. Kofia ikiwa nyembamba mno ubavuni, huacha upenyo. Na wakati wa kutafuna, jino la taya la pili hushindilia chakula humo kama mchi katika kinu.

Madhara yake ni mawili. Kwanza, ufizi huvimba na kutoa damu, na baadaye hata mfupa unaoshikilia jino huweza kulika. Pili, bakteria waishio katika ukoga hugeuza sukari kuwa asidi. Enameli huanza kuyeyuka pH ishukapo hadi kiasi cha 5.5, mzizi huyeyuka kwa asidi hafifu zaidi. Kofia yenyewe haiozi, bali jino lililo chini yake huoza, kuanzia ukingoni mwa kofia. Iwapo neva ya jino ilikwisha kuondolewa, uozo huo huendelea bila maumivu yoyote.

Msomaji aweza kujipima kwa uzi wa kusafishia meno. Ukipita kwa kukaza kidogo, mgusano upo. Ukiteleza bila kizuizi, pana upenyo. Ukichanika, huenda ukingo una ukwaru au mabaki ya simenti ya kugandishia.

Ni hatari kuchokonoa kwa pini au njiti ya kiberiti. Uzi na kusukutua hupunguza madhara, lakini haviwezi kuziba upenyo. Kwa hiyo mgonjwa arudi mapema kwa daktari wa meno, ambaye ataamua kama kofia iongezwe ubavuni, itengenezwe upya, au jino la jirani ndilo lizibwe. Kuchelewa kwaweza kuligharimu lile jino ambalo kofia ilikusudiwa kulihifadhi.