Ikati ya India: Kitambaa ambacho thamani yake hufungwa kabla ya kufumwa

WATU wengi wanapokiona kitambaa ambacho kingo za nakshi zake zimefifia kana kwamba zimelowa maji, hudhani kimepigwa chapa kiwandani na rangi ikavuja kidogo.

Iwapo kitambaa hicho ni ikati halisi ya India, dhana hiyo si kweli. Nakshi zake hazikuchorwa juu ya nguo. Zilitiwa ndani ya nyuzi kabla mfumaji hajaketi kwenye mtambo wake.

Ufundi huo umeshamiri Pochampally, takriban kilomita 50 kutoka jiji la Hyderabad katika jimbo la Telangana. Hali kadhalika, unapatikana Sambalpur na viunga vyake katika jimbo la Odisha, na Patan, Gujarat, kunakofumwa patola ya hariri.

Ikati ina jamaa yake, nayo ni bandhani ya Kutch na Jamnagar. Tofauti ni kwamba bandhani hufungwa baada ya kitambaa kufumwa. Fundi huinua sehemu ndogo mno ya nguo kwa ukucha, akaizungushia uzi na kuikaza. Nguo inapochovywa katika rangi, kila fundo huacha kitone, na nguo moja yaweza kuwa na maelfu ya vitone.

Vitambaa vya Gujarat si vigeni kwa wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi, wafanyabiashara wa huko walivileta kwa majahazi na kuviuza Mombasa, Lamu na Unguja, zamani kabla leso haijavuma.

Kinachotatiza wanunuzi wa leo, hasa wanaotaka kuviagiza kwa wingi ili wakaviuze ng'ambo, ni bei na muda wa kusubiri. Ili kuyafahamu hayo mawili, sharti mtu aelewe kazi yenyewe.

Kwanza nyuzi hupangwa kwenye vigingi kwa mpangilio maalumu. Kule Pochampally hatua hii huitwa asu, na kwa muda mrefu ilikuwa mzigo wa wanawake. Ili kupata nyuzi za sari moja, mkono ulilazimika kwenda na kurudi takriban mara 9,000, kazi iliyochukua saa nne au tano.

Ni mateso ya mama yake katika kazi hiyo yaliyomsukuma Chintakindi Mallesham, aliyezaliwa katika jamii ya wafumaji, kubuni mashine ya asu. Aliikamilisha mwaka wa 1999 na kuiita Laxmi, jina la mamake. Mwaka wa 2017, serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri.

Baada ya asu, nyuzi hutiwa alama na kufungwa barabara mahali ambapo rangi haitakiwi kupenya. Kisha huchovywa, hukaushwa, hufunguliwa na kufungwa upya kwa ajili ya rangi inayofuata. Kila rangi inayoongezwa ni duru nyingine ya mafundo.

Katika ikati ya kawaida, ama nyuzi za urefu, yaani mtande, ama zile za upana, yaani mshindio, ndizo hufungwa. Patola ya Patan hufungwa pande zote mbili, na kila uzi sharti ukutane na mwenzake mahali pake hasa. Ndiyo maana sari moja huweza kuchukua miezi sita au zaidi.

Wahenga walisema chema chajiuza, lakini katika biashara hii chema hakifui dafu mbele ya mashine. Kiwanda huiga nakshi za ikati kwa chapa, kikatoa kwa siku moja kile ambacho kijiji kingefuma kwa miezi, na kukiuza kwa bei ya kutupa.

Sheria haijanyamaza. Ile ya mwaka wa 1985 ilitenga aina kadhaa za nguo zifumwe kwa mkono pekee. Ikati ya Pochampally nayo ilikuwa miongoni mwa bidhaa za mwanzo kusajiliwa chini ya sheria ya kulinda majina ya mahali bidhaa zinakotoka, iliyoanza kutumika mwaka wa 2003. Mwaka wa 2006 ikaanzishwa nembo ya kutambulisha nguo zilizofumwa kwa mkono.

Hata hivyo, nembo haimlishi mfumaji iwapo mnunuzi anadai bei ya kiwanda. Sensa ya mwaka wa 2019-20 ilihesabu zaidi ya wafumaji na wasaidizi wao milioni 3.5 nchini India, wengi wao wanawake. Takriban thuluthi mbili ya familia hizo zilikuwa zikipata chini ya rupia 5,000 kwa mwezi.

Wengi wao hawamiliki hata nyuzi wanazofuma. Tajiri huwaletea nyuzi na michoro, kisha huwalipa kwa kila kipande. Agizo linapocheleweshewa malipo au kufutwa, hasara huishia kwa aliye chini kabisa.

Kwa hivyo, mnunuzi anayetaka mali halisi hana budi kuagiza kwa kufuata mwendo wa kazi. Mtande mmoja hutosha sari kadhaa za nakshi moja, na anayetaka mita mbili za mchoro wake binafsi atalipia kazi ya mtande mzima. Anayepunguza rangi, naye hupunguza gharama bila kumpunja fundi.

Aidha, msimu wa mvua, kati ya Juni na Septemba, nyuzi zilizotiwa rangi hukawia kukauka. Agizo la wakati huo lapaswa kupewa muda zaidi. Malipo ya awali ya kununulia nyuzi nayo humwepusha mfumaji na mikopo.

Suala la rangi halipaswi kupuuzwa. Ujerumani ilipiga marufuku baadhi ya rangi za azo katika miaka ya 1990 kwa kuwa huweza kutoa kemikali zinazosababisha saratani, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka wa 2003. Mzigo usiopimwa katika maabara huweza kukwama bandarini.

Na kabla ya kulipa, mnunuzi akigeuze kitambaa. Nakshi za ikati huonekana sawasawa pande zote mbili, ilhali chapa hufifia upande wa nyuma. Kwa bandhani, atafute mikunjo midogo na vitone visivyolingana, kwani hata fundi hodari hafungi mafundo mawili yanayofanana kabisa.

Tahadhari hizo zina maana kubwa kuliko kuokoa fedha. Ufundi wa mafundo hurithishwa nyumbani, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na vijana wengi tayari wanapendelea vibarua vya mjini. Kila roli la chapa linalouzwa kwa jina la ikati huwapa sababu moja zaidi ya kuondoka.