Gari limeinuliwa, bibi atapandaje?

Jumamosi moja ya Novemba, baba mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, alirudi kutoka gereji akiwa na Prado ambayo majirani walitoka nje kuitazama. Gari lilikuwa limepanda. Matairi yalikuwa mapana, yenye meno kama ya trekta, na bampa la mbele lilikuwa usawa wa tumbo la mtu mzima. Watoto watatu walishangilia. Mama yao akapanda kwenye usukani kuonja kiti, injini ikiwa imezimwa.

"Mdogo yuko wapi?" aliuliza baada ya muda.

"Si huyo hapo mbele yako," mumewe akamjibu.

Mama hakumwona. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa amesimama mbele ya bampa, mkono juu ya sahani ya namba, na boneti lote lilikuwa katikati yake na macho ya mama. Furaha ya uani ikaisha hapo hapo.

Sababu ya kuinua gari ilikuwa ya kweli kabisa. Kila Desemba familia hii huenda Mlalo, wilayani Lushoto, kwa mama mzaa baba. Hadi Mombo ni lami, kisha kona za Soni, kisha Lushoto mjini. Shida huanza kwenye njia za kijijini, pale mvua za vuli zinapolainisha udongo na malori ya viazi na kabichi kuchimba mifereji miwili yenye tuta katikati. Mwaka uliopita gari lilikaa tumbo juu ya tuta hilo saa moja usiku, watoto wakiwa na njaa, na vijana wa kijiji ndio waliolisukuma. Baba aliapa haitatokea tena.

Alichofanya ndicho wanachofanya kina baba wengi: aliweka spesa na matairi makubwa. Watu huyachanganya mambo hayo mawili, na pesa nyingi hupotelea katika mchanganyiko huo.

Spesa ni kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi au shokapu. Kinainua bodi. Kwenye Prado, difu ya nyuma imeshikana na ekseli na inakaa usawa wa magurudumu, kwa hiyo ukiinua bodi sentimita 5, difu hiyo inabaki pale pale ilipokuwa. Kinachoweza kuiinua ni tairi peke yake, nalo linaiinua kwa nusu tu ya kimo lililoongeza. Chukua tairi la kawaida la Prado nyingi, 265/65R17, uweke 265/70R17. Tairi zima linaongezeka kimo kwa karibu sentimita 2.7, na difu inapanda sentimita 1.3. Kama kilichogonga tuta kule Mlalo ni difu ya nyuma, basi baba alilipia sentimita 5 za spesa akapata sentimita 1.3 za msaada, na hizo zimetoka kwenye matairi.

Mbele hali ni tofauti, kwa sababu difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi na inapanda pamoja na gari. Lakini huko kuna mtego mwingine. Shokapu ya mbele inakaa katikati ya mkono unaobeba gurudumu, si mwisho wake, hivyo spesa ya sentimita 2.5 huinua gari karibu mara mbili yake. Fundi asiyejua hilo akichonga spesa ya sentimita 5, gari linaruka juu kupita kiasi. Shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inachanika, grisi inamwagika, na baada ya muda gari linaanza kugonga kila likikata kona. Mipira ya breki nayo inavutika gurudumu linaponing'inia kwenye shimo. Hiyo ndiyo sehemu ya kuikagua kwanza, kabla hata ya kusifia muonekano.

Tena spesa haiongezi nguvu yoyote. Ni kama kumvalisha mtu viatu vya kisigino: anakuwa mrefu, magoti ni yale yale. Springi iliyochoka miaka kumi itaendelea kulegea gari likibeba watu saba na mizigo. Anayetaka kuinua kwa maana anabadilisha springi na shokapu zenyewe, zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, na kwa Prado ya familia inchi 2 zinatosha. Baada ya hapo lazima alaimenti. Bila hiyo usukani hukataa kurudi wenyewe baada ya kona, na matairi mapya huliwa upande mmoja kabla ada ya Januari haijalipwa.

Kona za Soni ndizo zinazopaswa kumnyima mzazi usingizi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inapopima hatari ya gari kupinduka huanza na hesabu rahisi: upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, gawanya kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Jibu likishuka, hatari inapanda. Kuinua gari kunaongeza kimo bila kuongeza upana. Kisha wakati wa kurudi Dar keria inapakiwa gunia la viazi, ndoo za matunda na mkungu wa ndizi wa bibi, uzito wote ukiwa juu kabisa. Dereva yule yule, kona zile zile, mwendo ule ule wa mwaka jana, lakini gari si lile.

Na mwendo wenyewe haupimwi tena sawasawa. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, na mshale haujui. Kwa 265/70R17 tofauti ni kama asilimia 3. Kwa 285/70R17, ambalo vijana hulipenda, inafika asilimia 7: mshale ukikaa pale ulipozoea kukaa, gari linakwenda kasi zaidi. Tairi hilo pia ni zito, kwa hiyo breki zinafanya kazi zaidi. Taa za mbele, zisiposhushwa upya, zinapiga machoni kwa anayekuja.

Wanaonunua matairi ya mtumba wasome pia tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira ukawa umezeeka. Tairi la akiba nalo liwe saizi ile ile, jambo ambalo husahaulika mpaka siku ya pancha. Na kampuni ya bima iambiwe gari limebadilishwa, kabla ya ajali, si baada yake.

Kuhusu mtoto mbele ya boneti hakuna spesa wala kifaa kinachoondoa tatizo. Marekani imelazimisha kamera ya nyuma kwenye magari mapya madogo tangu Mei 2018, lakini hiyo inaangalia nyuma. Mbele ni macho ya mtu. Nyumba ile ya Kimara sasa ina utaratibu: injini haiwashwi mpaka mtu mmoja alizunguke gari lote, na mdogo awe mkononi mwa mtu au tayari amefungwa kwenye kiti chake.

Baba alirudi gereji wiki iliyofuata. Spesa zilitolewa, zikawekwa springi na shokapu mpya, matairi ya 265/70R17 yakabaki, na keria ikashushwa. Koleo na pampu ya upepo vilipata nafasi kwenye buti, maana kwenye utelezi kupunguza upepo kidogo husaidia, ili mradi ujazwe tena kabla ya lami.

Bado gari ni refu kuliko zamani. Bibi wa Mlalo ana magoti mabovu na kila Krismasi hupelekwa kanisani kwa gari hilo. Mama ameshanunua kigoda cha mninga, kiko chini ya kiti cha mbele.